Maswali ya Wasomaji: Vitenzi vya Kiingereza Vyenye Maneno Mawili

SWALI: Ninasoma magazeti ya Kiingereza bila shida, lakini wenye lugha yao wanapozungumza mambo ya kawaida ninaachwa nyuma. Najua maana ya “give” na ya “up”, ila “give up” sikuielewa mpaka nilipofungua kamusi. Sasa ninakariri vitenzi vya namna hii kwa mpangilio wa alfabeti, na vinazidi kunichanganya. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, ugumu huu ni wa kweli na ni wa siku nyingi. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake mashuhuri ya Kiingereza mwaka 1755, aliandika katika dibaji yake kwamba vitenzi vinavyogeuzwa maana na kijineno kinachovifuata ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kuliko yote. Hata hivyo, jambo lenyewe si geni kwetu, kwa kuwa tunapiga simu, tunapiga pasi na tunapiga magoti, wala hakuna anayeuliza ni nani aliyepigwa. Misemo hiyo tuliipokea ikiwa mizima, na “give up” nayo inataka kupokewa vivyo hivyo, kama neno moja lililoandikwa kwa sehemu mbili, lenye maana ya kukata tamaa au kuacha jambo ulilolizoea.

Ndiyo maana ninakushauri uiache orodha ya alfabeti. Inaweka “give up”, “give in”, “give out” na “give away” bega kwa bega, na kufanana kwao ndiko kunakokuchanganya. Andika kila kitenzi ndani ya sentensi, pamoja na mtendaji na kitu kinachotendwa, kwa sababu hao ndio wanaoamua maana. Katika “she took off her shoes” mtu amevua viatu. Katika “the plane took off” ndege imepaa, na hakuna shamirisho, yaani kitu kinachotendwa. Vilevile, “we have run out of sugar” ni tumeishiwa na sukari, wakati “the sugar has run out” ni sukari imeisha. Kiswahili kinatofautisha kauli hizo mbili kwa kunyambua kitenzi, ilhali Kiingereza kinabadilisha mtendaji na kuongeza “of”, na anayeisahau “of” hiyo huharibu sentensi nzima.

Ukiandika sentensi kamili utaliona pia jambo ambalo orodha hulificha, yaani mahali pa shamirisho. Unaweza kusema “turn off the light” au “turn the light off”, lakini nomino ikibadilishwa kuwa kiwakilishi huna budi kukiweka katikati: “turn it off”. “Turn off it” ni kosa. Kwa upande mwingine, “look after” (kutunza) haitenganishwi kamwe, hivyo utasema “look after the child” na “look after him”. Sikiliza pia mkazo wa sauti, kwani katika “turn it off” kwa kawaida unaangukia “off”, na katika “look at him” unaangukia “look”. Sikio lililozoea tofauti hiyo hufanya makosa machache kuliko kichwa kilichojaa kanuni.

Wapo walimu wanaofundisha maana ya kila kijineno peke yake, na pana ukweli fulani humo: “up” mara nyingi huonyesha kumaliza kabisa, kama katika “eat up”, “drink up” na “use up”. Lakini “make up a story” ni kubuni kisa, na hapo kanuni hiyo haikusaidii.

SWALI: Je, katika barua rasmi niandike “put off” au “postpone”, kwa maana ya kuahirisha?

JIBU: Andika “postpone”. Tangu Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa, na pamoja nacho Kilatini, kiliingiza katika Kiingereza maneno mengi ya sheria, utawala na elimu, na mpaka leo maneno ya asili hiyo husikika rasmi zaidi. Ndivyo “tolerate” (kuvumilia) ilivyo mbele ya “put up with” yenye maana hiyo hiyo. Usiyaondoe yote ya maneno mawili, hata hivyo, kwa maana “carry out” inakubalika kabisa katika ripoti ya utafiti.

SWALI: Kwa nini mwalimu wangu hukata “about” kila ninapoandika “discuss about”?

JIBU: Yuko sahihi. “Discuss” hupokea shamirisho lake moja kwa moja: “we discussed the plan”. Sisi hujadiliana kuhusu mpango, na “kuhusu” hiyo ndiyo tunayoihamishia kwenye Kiingereza. Ukitaka kuitumia “about”, sema “we talked about the plan”.