Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau: mpe kitu mkononi, usimpe mtihani

Pole sana mkuu. Umesema mama yako anauliza swali lilelile kutwa nzima, na juzi ulipomwonyesha picha za harusi yako akashindwa kukutaja jina, ukatoka nje ukalia. Nimeyapitia. Mama yangu huu ni mwaka wa sita, tunaye hapa Magomeni.

Mimi pia nilianza na albamu. "Mama, huyu nani? Unamkumbuka?" Anaitazama picha, anatafuta, hapati, mwisho anaisukuma albamu na kununa hadi jioni. Nilichelewa kuelewa kwamba nilikuwa namfanyisha mtihani na kumfelisha kila siku. Kwa wagonjwa wengi wa Alzheimer's, aina mojawapo ya ugonjwa huu wa kusahau, sehemu ya ubongo inayopokea mambo mapya ndiyo huumia mapema. Ya asubuhi hayakai. Ya ujanani yalishaota mizizi, ila ukiyaulizia hayaji. Yanakuja yenyewe kupitia mkono, pua na sikio.

Kwetu ilikuwa khanga. Mama alifanya kazi Urafiki, kile kiwanda cha nguo cha Ubungo kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa China. Siku moja nakunja nguo, nikampa doti mpya ambayo haijakatwa, anishikie tu. Akashika ukingo wa kitambaa, akaupitisha taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada, akasimama penye uzi ulioruka. Akaukwaruza kwa ukucha. "Hii isingepita," akasema. Nikamuuliza, ingepelekwa wapi? Basi! Zamu ya usiku, mashine zinanguruma mpaka mnaongea kwa ishara, vumbi la pamba kwenye nywele. Akanionyesha hata ishara waliyokuwa wakipeana msimamizi akitokea. Na asubuhi ileile hakujua kama amekunywa chai.

Tangu hapo nina kapu lake: ile doti, kibao cha mbuzi, kopo la karafuu, redio ndogo ya kusikilizia dansi la zamani. Mchele nampa kwenye ungo achambue. Macho yamechoka, lakini mikono haijasahau kupepeta. Tunakaa dakika ishirini hivi baada ya chai, televisheni imezimwa. Jioni sijaribu, jua likizama anahangaika sana.

Kaka yangu alilalamika kwamba tunamzidishia kuchanganyikiwa kwa kumrudisha zamani. Lakini daktari Robert Butler wa Marekani aliandika tangu 1963 kwamba mzee kuyapitia upya maisha yake ni jambo la kawaida, wala si upuuzi wa uzeeni. Kaka alinyamaza siku alipomkuta mama anacheka.

Akikosea, usimsahihishe. Kuna siku alimuulizia baba, nikamwambia, "Mama, baba alishafariki." Aliupokea msiba upya, akaangua kilio kana kwamba habari imefika dakika ile. Sitarudia maisha yangu yote. Siku hizi akimuulizia, namuuliza baba alipenda kupikiwa nini, tunaendelea kutoka hapo.

Na si kila la zamani ni tamu. Zikiguswa foleni za mwanzoni mwa miaka ya 1980, sabuni na unga vya kutafuta kwa shida, anaanza kuficha mkate chini ya mto. Sibishani naye. Namshika mkono, nampa kitu kingine.

Haya hayaponyi ugonjwa, nisikudanganye. Na akibadilika ghafla, ndani ya siku moja au mbili, mpeleke hospitali, maana hata maambukizi ya mkojo au kukosa maji mwilini humvuruga mzee. Sisi daktari wa kwanza alituambia "ni uzee tu", tukapoteza karibu mwaka mzima kabla ya mwingine kumpima damu, homoni za tezi ya shingoni na vitamini B12.

Hukusema mama yako alikuwa akifanya kazi gani alipokuwa binti. Shambani, sokoni, ushonaji? Tuambie, tufikirie pamoja cha kuanza kuweka kwenye kapu lake.