Kinga dhidi ya dereva asiye na bima: nisaini kuikataa?

SWALI: Nimenunua gari hapa Houston, Texas. Wakala ameniletea fomu nisaini kwamba sitaki kinga dhidi ya madereva wasio na bima, ili malipo ya mwezi yapungue. Tayari nina bima ya kutengeneza gari langu likigongwa, na bima ya afya ya kazini. Bado naihitaji? — Msomaji, Houston

JIBU: Usisaini kwanza. Kwa sheria ya Texas, kinga hiyo ni yako mpaka uikatae kwa maandishi. Wakala anayekuharakisha kuikataa huenda anataka tu bei yake ionekane ndogo.

Bima ya afya italipa hospitali, ukishachangia sehemu yako. Hailipi mshahara uliokosa ukiwa kitandani, wala maumivu, wala abiria wako asiye na bima yoyote. Ukisema utamshitaki aliyekugonga, aliyeshindwa kulipia bima mara nyingi hana mali ya kukamata. Nao si wachache: mwaka 2022 ilikadiriwa kuwa Marekani takriban dereva mmoja kati ya saba hakuwa na bima.

Hata mwenye bima anaweza kukuacha na deni. Kima cha chini cha bima kinachotakiwa Texas ni dola 30,000 kwa majeruhi mmoja, 60,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja, na 25,000 kwa mali. Upasuaji mmoja na siku chache wodini humaliza hizo 30,000. Kinga unayoulizia hufidia pia pengo hilo, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuinunua. Chukua kiwango sawa na cha bima unayowalipia wengine ukiwagonga, si kile cha chini kabisa.

Upande wa gari, faida ni ndogo kwako. Kinga hii hukukata dola 250, yaani sehemu unayolipa mwenyewe, kabla ya kulipa. Kama bima yako ya kugongana inakata 500 au 1,000, unaokoa tofauti hiyo tu.

Aliyekugonga akikimbia, gari lake lazima liwe limegusa lako. Ukimkwepa ukaingia mtaroni bila kuguswa, hulipwi. Kwa hiyo ita polisi papo hapo, na upige picha rangi iliyobaki kwenye bodi. Akiwa na bima ndogo, usisaini makubaliano ya kumaliza madai na kampuni yake kabla kampuni yako haijaridhia kwa maandishi. La sivyo, kampuni yako inaweza kukataa kulipa kilichobaki.