Kabla Hujakata Picha, Muulize Shangazi

Picha ilikuwa ya wanawake wawili wamesimama mbele ya migomba, Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Pasaka ya mwaka 1968. Wa kulia ni Bibi, mama yake baba. Wa kushoto sikumjua. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshuka, ameshika jani refu lililokaa pembeni kabisa mwa picha, nami nikaona linaharibu mpangilio. Nilikuwa nyumbani kwangu Pasua, usiku, watoto wamelala, natengeneza ukurasa wa kwanza wa albamu ya Bibi kwenye kompyuta. Nikalikata lile jani pamoja na vidole vilivyolishika. Pembeni nikaweka maua ya zambarau, juu nikaandika "Marafiki" kwa mwandiko wa kupindapinda, na ukurasa ule nikaupenda wiki mbili nzima.

Nilipoupeleka kwa Shangazi ukiwa umeshachapwa, alisogea nao dirishani akautazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, isale umeipeleka wapi?"

Ndipo niliposimuliwa. Yule mama alikuwa jirani wa Bibi. Walikuwa wamekaa misimu mitatu ya kahawa bila kusalimiana, ugomvi wenyewe ni mpaka wa kihamba, yaani shamba la familia linalozunguka nyumba. Anayezijua mila za Wachagga anajua uzito wa jani hilo. Masale, wingi wa isale, ndiyo yanayopandwa kuonyesha mipaka ya vihamba, na masale hayohayo ndiyo mtu hubeba anapokwenda kuomba msamaha. Aliyeletewa isale hana njia rahisi ya kukataa. Siku ile ya Pasaka jirani alikuja nalo mkononi, Bibi akampokea, na mpiga picha aliyekuwa akizunguka vijijini na kamera yake akaitwa palepale. Shangazi alikuwa darasa la tatu. Anakumbuka mbege, pombe yetu ya ndizi, iliyonywewa na nani alikaa wapi. Picha nzima ilipigwa kwa ajili ya jani nililolikata.

Tangu siku hiyo nina utaratibu mmoja, na ndio ninaompa kila anayeniuliza aanzeje hobi hii: kabla hujagusa mkasi wa kompyuta, kaa na mtu anayeijua picha.

Kwa ambaye hajawahi kuiona kazi yenyewe, ni kitabu cha kumbukumbu. Zamani kilitengenezwa kwa mkasi, gundi na karatasi za rangi, sasa kinatengenezwa kwenye skrini. Unachukua picha, unaiwekea karatasi ya nyuma, unaongeza vitu vidogovidogo kama tiketi ya basi, stakabadhi ya kahawa, ua lililokaushwa au kipande cha kitambaa, unaandika maelezo, kisha unachapa au unawatumia ndugu. Hamu ya kubandika kumbukumbu ni ya siku nyingi. Mark Twain, mwandishi wa Marekani, alipata hataza mwaka 1873 ya kitabu ambacho kurasa zake zilikuja na gundi tayari, unalowesha tu unabandika. Sisi tulifikiwa na zile albamu nene za miaka ya 80 na 90, kurasa zina gundi na plastiki juu yake. Sebule nyingi za Moshi nilizoingia nikiwa mtoto zilikuwa na moja chini ya meza.

Kama kwenu bado zipo, anza na hizo wiki hii. Gundi ile huiharibu picha mwaka hadi mwaka, na ukivuta kwa nguvu unang'oa uso wa picha, unabaki na karatasi nyeupe mkononi. Piga picha kila ukurasa kwanza, kila kitu kikiwa bado kimeganda mahali pake. Halafu chukua uzi wa kusafishia meno, upitishe chini ya picha kuanzia kona moja, taratibu, ukienda mbele na nyuma kama unakata mti kwa msumeno. Ikigoma, iache. Picha iliyoganda ndani ya albamu bado ni picha.

Skana ni nzuri ukiipata. Zile picha ndogo za zamani ziskani kwa nukta 600 kwa inchi, ili hata ukizikuza mara mbili zibaki na nukta 300, ambazo zinatosha kwa uchapaji mzuri. Huna skana? Simu inafanya kazi, ila mwanga ndio wenye kazi. Usipige chini ya jua kali wala usiwashe flashi, utapata doa jeupe usoni kwa watu. Mimi nasubiri Juni na Julai, wakati Moshi mawingu yanatanda tangu asubuhi na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, unaweza usiione kutwa nzima. Mwanga wa siku hizo umetulia kama umechujwa kwenye shuka jeupe. Naweka meza barazani, nalaza picha juu ya kitambaa cheusi, nashika simu sambamba na meza, napiga. Asubuhi moja ya namna hiyo nilimaliza picha zote 61 zilizokuwa kwenye sanduku la bati la Bibi.

Na upige nyuma ya picha pia. Nyuma ndiko kuliko na muhuri wa studio, tarehe, jina la mtu aliyetumiwa. Ile "Pasaka 1968" niliikuta nyuma, kwa penseli, imefifia kiasi kwamba niliiona tu baada ya kuinamisha karatasi.

Picha za rangi za zamani mara nyingi utazikuta zimegeuka nyekundu. Rangi tatu zilizomo ndani ya karatasi hazififii kwa mwendo mmoja. Ya samawati mara nyingi ndiyo hutangulia, na wekundu ukabaki peke yake. Programu yoyote ya picha inaweza kupunguza wekundu huo. Fanya hivyo kwenye nakala. Faili la kwanza liweke kwenye folda yake na usiliguse kabisa. Kama nisingekuwa nalo, jani la isale lingekuwa limepotea moja kwa moja. Na ndugu wakikutumia picha kwa WhatsApp, waombe watume kama dokumenti, maana ikitumwa kama picha ya kawaida inapunguzwa ukubwa njiani, na kwenye karatasi utaona ukungu.

Sasa Shangazi. Hapa ndipo penye albamu yenyewe, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mwanzoni nilikwenda na daftari lenye maswali. Nilipata majibu ya ndiyo na hapana, na chai. Safari ya pili niliacha daftari, nikampa picha moja mkononi, nikanyamaza. Alianza mwenyewe. Nenda na picha chache, nne au tano, si sitini. Akichoka, funga. Uliza kuhusu vitu kabla ya watu: mkononi ana nini, hicho kikapu kilikuwa cha kazi gani, viatu hivi vilinunuliwa wapi, nyumba hii ya nyuma ilikuwa ya nani. Mtu anaweza asikumbuke mwaka, lakini akumbuke viatu, na viatu vikamleta kwenye mwaka. Omba ruhusa ya kurekodi sauti kwa simu, uiweke mezani, usiandike ukiwa mbele yake. Shangazi akisimulia huingiza Kichagga katikati, na maneno mengine sina Kiswahili chake. Nayaandika vilevile kwenye ukurasa, na tafsiri chini kama ninayo.

Wazee wenye majibu hawaongezeki. Mwaka jana tulimzika mjomba mmoja wa Old Moshi ambaye nilimpangia Desemba, ndugu wote watakapokuja kuhesabiwa nyumbani, kama tunavyotania safari ya kurudi kijijini mwisho wa mwaka. Nina picha 9 za upande wake ambazo nafasi ya maelezo ipo wazi hadi leo, na mpaka sasa hakuna niliyempata wa kuzijaza.

Ukishajua picha inasema nini, ukurasa wenyewe si mgumu. Fungua karatasi ya A4 yenye nukta 300 kwa inchi, yaani pikseli 2480 kwa 3508. Wapenzi wengi wa hobi hii duniani hutumia mraba wa inchi 12, lakini A4 unaichapa kwenye steshenari yoyote mjini na faili lake la plastiki linapatikana. Kwenye kompyuta natumia GIMP, programu ya kuhariri picha ambayo ni ya bure. Wanaopenda simu wengi wako kwenye Canva, na kwa kuanzia inatosha.

Kitu cha kuelewa ni matabaka. Fikiria vioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine: cha chini kabisa kina karatasi ya nyuma, kinachofuata kina picha, kinachofuata kina maandishi. Unasogeza kimoja bila kugusa vingine. Hifadhi faili likiwa bado na matabaka yake, na JPEG itoe mwishoni tu kwa ajili ya kuchapa, kwa sababu kila ukiihariri na kuihifadhi tena inapoteza ubora kidogo. Vivuli navyo vina siri yake. Picha iliyobandikwa kwenye karatasi ina kivuli chembamba na laini. Kitufe cha shati kina kivuli kirefu zaidi kwa sababu kimeinuka. Amua mwanga unatoka upande gani, mimi nauweka juu kushoto, na vivuli vyote viangukie chini kulia. Ukichanganya, macho ya mtazamaji yatasumbuka hata kama hajui kwa nini.

Kuhusu mapambo nina msimamo. Mtandaoni kuna makaratasi na mapambo mengi ya kupakua, mengine ya bure, na mengi ni mazuri. Lakini theluji na majani ya rangi ya chungwa ya vuli ya Ulaya hayana mahali nyuma ya bibi wa Kibosho. Fungua kabati la nyumbani. Kanga ina kila kitu ambacho mtengeneza kurasa anahitaji: pindo la kuzungushia ukurasa, mji wa kuweka katikati, na jina ambalo tayari ni kichwa cha habari. Nilichukua kanga ya Bibi iliyoandikwa "Wema hauozi", nikaipiga pasi, nikaitandika sakafuni barazani, nikapanda juu ya stuli nikaipiga picha vipande vipande. Pindo nikalikata nikalipunguza ung'avu hadi likawa kama limefuliwa mara nyingi, jinsi lilivyokuwa kweli. Kuna mahali kwenye pindo hilo pana kitundu kidogo cha moto, cheche ya jikoni. Kitundu nilikiacha. Mkeka, gunia la kahawa, ukuta wa udongo, jani la mgomba lililokauka, vyote nimevipiga na viko kwenye folda moja, na kila ukurasa wa familia yetu unatoka humo.

Maandishi yasipungue sentensi tatu. Jina na mwaka peke yake havitoshi. Andika kilichotokea kabla picha haijapigwa au mara baada yake. Fonti moja ya kusomeka kwa maelezo, na herufi zisiwe ndogo, wasomaji wa kwanza wana miwani.

Hifadhi nakala tatu, moja ikae nje ya nyumba yako. Mimi nilipoteza kurasa 14 diski ya kompyuta ilipokufa. Sasa kuna diski ya nje kabatini, nakala nyingine mtandaoni, na flashi kwa dada yangu Dodoma, ambayo anairudisha kila Desemba naijaza upya.

Unapokwenda kuchapa, chapa ukurasa mmoja kwanza. Skrini ina mwanga wake yenyewe, karatasi haina, kwa hiyo nyuso za watu wetu hutoka nyeusi kuliko ulivyoziona. Ongeza mwanga kidogo kabla. Acha pia sentimita moja tupu pembeni pote. Sehemu moja niliyochapa, mashine ilimeza mstari wa mwisho wa maelezo kwenye kurasa zote 20, na mstari wa mwisho ndio niliokuwa nimeweka majina. Nililipa mara mbili.

Ukurasa wa 1968 niliuanza upya. Nilirudi kwenye faili la kwanza, picha nzima, na jani likarudi pembeni pake na vidole vyake vinne. Maua ya zambarau nikayatoa. Pindo la kanga likazunguka, na chini yakaingia maneno ya Shangazi kama alivyoyasema kwenye rekodi, aya moja ndefu yenye mbege na mpaka na misimu mitatu ya kimya. Kichwa cha habari ndicho kilichonishinda. Nilijaribu vingi, hakuna kilichokaa.

Nikampelekea Shangazi rasimu ikiwa na "Marafiki" bado juu, nikamweleza kwamba natafuta neno. Aliomba kalamu. Akapiga mstari juu ya neno langu, akaandika chini yake, "Siku ya isale." Nilipofika nyumbani niliiskani karatasi ile, nikaweka mwandiko wake kwenye tabaka la juu na kubadilisha hali ya tabaka hadi weupe ukapotea, ukabaki wino peke yake juu ya kanga. Herufi zake zinapanda kidogo kuelekea kulia, na nukta ya i ya mwanzo imeangukia mbali na i yake. Sikuinyoosha. Nakala mbili zilichapwa: moja iko kwa Shangazi, na nyingine aliipeleka mwenyewe kwa wajukuu wa yule jirani, upande wa pili wa masale.