Kukopa kwenye simu ili kutoa fungu la kumi

Bwana asifiwe, mpendwa. Umeuliza kama ukope kwenye simu mwezi huu ili usipitwe na fungu la kumi, maana mshahara umeliwa na deni. Usikope. 2 Wakorintho 8:12 inasema sadaka hukubaliwa "kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo." Fedha ya mkopo si pato lako, ni ya mwenye kukudai, na riba yake itaula mshahara ujao kabla hujaushika.

Najua Malaki 3 inakutisha, pale inaposema wasiotoa fungu la kumi wanamwibia Mungu na wamelaaniwa. Lakini fungu la kumi la Torati lilitoka kwenye mazao na mifugo ambayo tayari mtu alikuwa ameipata (Walawi 27:30-32), na kila mwaka wa tatu lililisha Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Na hiyo laana unayoiogopa, soma Wagalatia 3:13: Kristo alitukomboa katika laana ya Torati.

Kulipa deni nako ni agizo la neno la Mungu: Zaburi 37:21 inamwita asiye haki yule akopaye asilipe.

Tuseme unapokea 600,000 mkononi. Tenga 60,000 ya sadaka siku hiyohiyo, 150,000 ya deni, 330,000 ya kodi, chakula na nauli. Inabaki 60,000 ya dharura; wengi huiruka hii, mtoto akiugua wanarudi kulekule kwenye mkopo. Kama 60,000 ya sadaka haitoki bila kukopa, toa 20,000 na umweleze mchungaji wazi. Ahadi za harambee simamisha kwanza hadi deni liishe.