Mashine za kiwanda: anza na sahihi, siri baadaye

Mimi nafanya kazi ya PLC, zile kompyuta ndogo zinazoendesha mashine, viwandani huku Changamwe na Shimanzi, Mombasa, na mabosi wengi wakisikia kriptografia wanadhani ni mambo ya kuficha siri tu, ati "sisi twatengeneza mafuta ya kupikia, siri gani?" Haya, siri huna, lakini boila si unayo? Mtu akiingia kwa netiwaki akaiamuru ipandishe presha, ubaya wenyewe ni kuwa mashine itamtii, kwa sababu haidai sahihi, ile alama ya kidijitali ya kuthibitisha nani ametuma amri.

Na itamtii kweli. Modbus, lugha ambayo mashine nyingi za kiwanda huongea nayo, ni ya 1979, haiulizi nani anatuma, ukifika tu port 502, mlango wake kwenye netiwaki, ukatuma amri PLC yaandika, basi. Kuna ile ya 2018 inayopita kwa TLS, ulinzi ule ule wa tovuti za https, ila PLC kuukuu haziijui, hizo zifiche nyuma ya VPN, njia iliyofungwa ndani ya netiwaki.

Kama zako zaongea OPC UA, lugha mpya zaidi yenye ulinzi ndani yake, una afadhali, lakini fungua settings ujionee. Utakuta None (bila ulinzi), Sign (sahihi tu) na SignAndEncrypt (sahihi na kuficha), na mafundi huiacha None juu ya haraka ya kukabidhi kazi. Weka Sign kwa uchache, ujumbe ukichezewa njiani unakataliwa. Na usiiruhusu ikubali kila cheti, yaani kitambulisho cha kidijitali cha mashine, kinachojitokeza, hiyo ni sawa na askari wa geti anayepigia kila mtu saluti.

Sasa kuna kitu wauzaji hawakwambii: saa. Cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kiwanda kimoja upande wa Jomvu stima ilipotea usiku, kurudi, skrini ya opareta haishiki PLC, watu wote wanalia virusi, virusi, kumbe betri ya saa ndani ya PLC ilikufa kitambo, saa imerudi 1970, na kwa hesabu ya 1970 cheti hakijaanza hata kutumika. Tuliporekebisha saa laini ikaamka. Siku hizi nadai seva ya saa mle mle kiwandani, betri zibadilishwe kwa ratiba, na tarehe za vyeti kuisha zibandikwe kontro rumu mahali opareta anaziona.

Halafu funguo zenyewe, zile namba za siri zinazotia sahihi. Stuxnet, ile virusi ya 2010 iliyoshambulia PLC, ilipita kwa Windows na sahihi halali za kampuni za Realtek na JMicron, funguo zimeibiwa. Kwa hivyo ufunguo haukai kwa flashi ya kontrakta bana, na kandarasi yake ikiisha cheti chake kifutwe siku hiyo hiyo, hata kama bado mwamdai risiti.