Mkopo wa HESLB: shughulikia vyeti kabla dirisha halijafunguliwa

Wapo wahitaji halisi wanaokosa mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kwa sababu ya karatasi tu. Hilo linauma, maana linazuilika.

Weka cheti cha kuzaliwa kando ya matokeo ya kidato cha nne, usome majina herufi kwa herufi. "Mohamed" huku na "Mohamedi" kule hukwamisha maombi, tena wiki ya mwisho, wakati foleni imeshakuwa ndefu. Maombi yanaanzia kwenye namba ya mtihani, kwa hiyo jina lililoko NECTA (Baraza la Mitihani) ndilo litakalokufuata hadi benki. Kosa la cheti lipeleke RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, mapema, kisha uombe uhakiki kwa mtandao. Wa Zanzibar wanahakikiwa na ZCSRA, wakala wa usajili wa huko. Muhuri wa wakili kwenye nakala hauchukui nafasi ya uhakiki huo.

Yatima ahakikishe cheti cha kifo cha mzazi nacho kimehakikiwa. Bila hicho, msiba wenu hauna uthibitisho mbele ya Bodi. Kaya iliyo TASAF (mfuko unaosaidia kaya maskini) ijaze namba ya kaya. Ulemavu, wa mwombaji au wa mzazi, unathibitishwa kwa fomu ya Bodi yenye saini ya mganga mkuu wa wilaya au mkoa.

Uliyerudia mtihani, andika namba zako zote. Namba uliyoombea chuo iwe ileile ya mkopo, la sivyo utaonekana huna udahili.

Ada ya maombi ni shilingi 30,000, kwa kumbukumbu namba ya malipo utakayopewa na mfumo. Ukishajaza, chapisha fomu: unasaini wewe, mdhamini, serikali ya mtaa au kijiji, na wakili au hakimu. Muhuri uliofifia kwenye skani, gongesha upya. Ukimaliza kupakia, bonyeza kitufe cha kutuma. Kupakia peke yake si kutuma.

Mkopo ukitoka, ada inakwenda chuoni moja kwa moja. Boom (fedha ya chakula na malazi), ambalo tangu 2022/2023 ni hadi shilingi 10,000 kwa siku, linasubiri usajiliwe na usaini kwa alama ya kidole. Uliyepata udahili vyuo viwili, thibitisha kimoja haraka TCU (Tume ya Vyuo Vikuu).

Ukikosa au ukipata kidogo, kata rufaa na uambatishe ushahidi mpya. Barua ya kulalamika bila kielelezo haiongezi kitu.