Uzamivu wa mwani: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo Profesa. Nina uzamili wa sayansi ya bahari. Nimezaliwa Jambiani, na mama yangu ni mkulima wa mwani. Nataka kuendelea na uzamivu, lakini matangazo mengi yanataja jamii, mazingira na teknolojia kwa pamoja, sijui nijiweke wapi. Yupo bwana anayesema nimlipe aniunganishe na chuo cha Ulaya. Nifanyeje?
Msomaji, Unguja

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo bwana usimpe hata shilingi. Vyuo hutangaza nafasi na kupokea maombi vyenyewe, na ada ya maombi, pale inapokuwepo, hulipwa chuoni moja kwa moja.

Kuhusu kujiweka, wewe tayari umo katika yote matatu. Mwani ulianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Aina ya mwani iitwayo kotonii, yenye bei nzuri, hufa maji ya kina kifupi yakipata joto. Aina nyingine, spinosamu, inastahimili zaidi, lakini bei yake ni ndogo. Kuhamia kina kirefu kunataka boti, vifaa vipya na kujua kuogelea, na hapo mama zetu wengi wanaachwa. Anayepima joto la maji tu hatawaona, na anayehoji kaya tu hatajua kwa nini mwani umekufa. Wewe unaweza kuyashika yote mawili. Hilo ndilo swali lako la utafiti; liandike kwa sentensi mbili kabla hujafungua tangazo lolote.

Uswidi na Uholanzi, uzamivu mara nyingi ni ajira yenye mshahara, na mada huwa imeshapangwa. Mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, mpango wa Umoja wa Ulaya, nayo huajiri watu wa uraia wowote, mradi hujaishi nchi unayokwenda zaidi ya miezi 12 kati ya 36 iliyopita. Huko usipeleke andiko lako refu; waonyeshe unavyoifaa kazi yao.

Kama wewe ni mwanamke, mimi ningekutazamisha OWSD, jumuiya ya wanasayansi wanawake yenye makao Trieste, Italia. Imekuwa ikiwafadhili wanawake wa nchi kama yetu kusoma uzamivu katika nchi nyingine inayoendelea, na ipo njia ya kusajiliwa nyumbani ukawa unakwenda huko kwa vipindi. Hivyo hutakuwa mbali na mashamba. Angalia kama dirisha la mwaka huu limefunguliwa. WIOMSA nao, chama cha sayansi ya bahari cha Magharibi mwa Bahari ya Hindi, hapo hapo Unguja, wana ruzuku za utafiti wa bahari.

Sasa msimamizi, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Barua moja iliyotumwa kwa watu hamsini hujulikana kwa mstari wa kwanza. Chagua watatu, soma makala zao, kisha umwandikie kila mmoja kwa ufupi: swali lako, ulichopima kwenye uzamili, na unachotaka kujifunza kwake. Ambatisha wasifu na muhtasari wa tasnifu. Akikaa kimya wiki mbili, mkumbushe mara moja tu. Na walimu watakaokuandikia barua za mapendekezo, waombe mapema, uwape tarehe ya mwisho na swali lako lile la sentensi mbili.